Picha Nayo ni Mizani



Tafakari yetu ya juma hili itawashangaza baadhi yenu, kwa maana tumekusudia kuzungumzia biashara ya spea za magari ya zamani inayofanyika kwa njia ya simu na mtandao. Atakuwapo msomaji atakayeuliza: padre ana habari gani na spea? Aache magari kwa mafundi, ashike Misale yake. Tunamjibu kwa upole kwamba popote pale mtu anapompa mwenzake fedha kwa kuliamini neno lake, amri ya saba na amri ya nane zimekwisha kufika hapo kabla ya padre. Sisi tumefika tukiwa tumechelewa, tena kwa gharama yetu wenyewe, kama mtakavyosikia.

Gari letu la parokia ni Land Rover 109 ya Series III, ambalo wengi wenu hapa Lingeka mnalifahamu kwa sauti yake kabla ya kuliona. Ni gari la miaka ya sabini. Limebeba wagonjwa, mahindi, wanakwaya, majeneza na, msimu wa mavuno, marobota ya pamba ambayo hayakuwa ya parokia. Siku moja krenki yake ilikatika. Kwa wasiojua, krenki ni ule mhimili mzito ulio ndani ya injini, unaozungushwa na pistoni na kulipa gari nguvu ya kwenda. Fundi wetu wa Bariadi aliifungua injini, akatuagiza jambo moja tu: tafuteni krenki ya beringi 3.

Tulitafuta mtandaoni, kama watu wote wanavyofanya siku hizi. Tukaona picha nzuri ya krenki iliyosafishwa ikang'aa, imelazwa juu ya kitambaa, na chini yake maneno haya: "Krenki ya Land Rover Series III, orijino, inaingia zote." Tulimwandikia muuzaji tukamuuliza kama ni ya beringi 3. Akajibu: "Hiyo ni ya Series III Padre, utafunga tu." Tukalipa laki kadhaa kwa simu, fedha zilizotokana na michango ya mavuno ya waumini. Mzigo ukaja kwa basi. Fundi aliufungua, akautazama kwa muda usiozidi ule wa kusali Baba Yetu, akasema: "Padre, hii si ya injini hii." Ilikuwa ya beringi 5.

Tulimpigia muuzaji. Hakututukana wala hakuzima simu. Alitusikiliza kwa adabu, kisha akasema maneno mawili ambayo ndiyo yaliyotusukuma kuandika tafakari hii. La kwanza: "Mimi nauza tu Padre, si fundi." La pili: "Mali ikishatoka hairudi."

Gari likakaa juu ya mawe msimu mzima wa mvua. Vigango vilivyo mbali vilikosa Misa kwa majuma kadhaa. Usiku mmoja tuliitwa kumpaka mgonjwa mafuta. Tulikwenda kwa pikipiki katika matope, na tulipofika, nyumba ilikwisha kuingia katika kilio. Hatusemi kwamba kijana yule muuza spea alihusika na kifo kile. La hasha! Tunasema tu kwamba maneno yake mawili, "inaingia zote", yalisafiri mbali kuliko alivyodhani.

Sasa tutafakari. Je, kijana yule alikuwa mwongo? Wengi wetu tungesema hapana, maana hakukusudia kutudanganya. Hakujua. Na hapa ndipo tunapotaka kupingana na fikra iliyoenea kati yetu, kwamba uaminifu katika biashara ni kutokuwa na nia mbaya tu. Sisi tunasema uaminifu usio na usahihi ni nusu ya uaminifu, na nusu hiyo haimfikishi mtu popote. Anayesema asilolijua kana kwamba analijua, amekwisha kusema uongo, hata kama siku hiyo kwa bahati maneno yake yatakuwa kweli. Krenki ilikuwa mikononi mwake. Tulimuuliza swali ambalo jibu lake lilikuwa mbele ya macho yake. Kuhesabu hadi 5 hakuhitaji mtu awe fundi.

Ndugu zangu, sisi watu wa Usukuma tunapaswa kuwa wa kwanza kulielewa jambo hili, kwa sababu historia yetu imeandikwa juu ya mizani. Wazee wetu walipolima pamba wakati wa ukoloni, moja ya malalamiko yao makubwa lilikuwa mizani ya wanunuzi. Mkulima alifika na mzigo aliouchuma kwa vidole vyake, akasomewa uzito ambao hakuwa na njia ya kuuhakikisha, akapokea fedha akaondoka. Malalamiko hayo ni miongoni mwa mambo yaliyowafanya wakulima wa Kanda ya Ziwa, wakiongozwa na watu kama Paul Bomani, waanzishe vyama vyao vya ushirika mwanzoni mwa miaka ya 1950, hata ikafikia mwaka 1955 kuundwa shirikisho kubwa la Victoria Federation of Co-operative Unions. Tafadhali zingatieni: pamoja na bei nzuri, wazee wetu walidai mizani ambayo mkulima angeweza kuiamini. Walijua kwamba bei nzuri juu ya mizani mbovu ni wizi uliovaa kanzu.

Maandiko Matakatifu nayo yamelizungumza jambo hili kwa uwazi unaotisha. Kitabu cha Mambo ya Walawi (19:35-36) chaagiza mizani ya haki na vipimo vya haki. Kumbukumbu la Torati (25:13-16) chamkataza mtu kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni mwake, kubwa la kununulia na dogo la kuuzia. Nabii Amosi (8:4-6) awakemea wafanyabiashara wanaosubiri kwa hamu sikukuu ipite ili wapunguze kipimo, waongeze bei, na kuwauzia maskini makapi ya ngano. Mungu wa Israeli hakuona aibu kuingia sokoni na kutazama mawe yaliyomo mifukoni mwa watu. Basi na padre asione aibu kutazama picha zilizomo ndani ya simu.

Maana, tuulizane: mizani ya leo ni ipi? Anayenunua dukani Gerezani, Dar es Salaam, au katika mtaa wa Kirinyaga Road, Nairobi, au soko la Kisekka, Kampala, huenda na kifaa chake kilichoharibika mkononi. Hukiweka kando ya kile kinachouzwa, akavilinganisha jino kwa jino, tundu kwa tundu. Anayenunua kwa simu akiwa Lingeka hana nafasi hiyo. Hawezi kushika, hawezi kugeuza, hawezi kupima. Alicho nacho ni picha na maneno yaliyo chini yake. Kwa hiyo, wapendwa, picha ile ndiyo mizani, na maneno yale ndiyo mawe ya kupimia. Anayeiharibu picha ameharibu mizani. Anayeandika asilolihakikisha ameweka mfukoni jiwe ambalo hata yeye mwenyewe hajui uzito wake.

Tofauti iliyopo ni hii. Mizani ya pamba, Wakala wa Vipimo huja kuikagua na kuigonga muhuri. Picha ya spea haina mkaguzi isipokuwa dhamiri ya aliyeipiga.

Baadhi yenu mtasema kwamba tunakuza jambo dogo. Tuwaoneshe basi kwa nini katika magari ya zamani neno moja lisilo sahihi ni jambo kubwa. Land Rover ya kwanza ilioneshwa hadharani mjini Amsterdam mwezi Aprili 1948. Ilifuatwa na Series II mwaka 1958, Series IIA mwaka 1961, na Series III mwaka 1971, iliyoendelea kutengenezwa hadi mwaka 1985. Ukoo ule wa zamani, ambao baadaye ulipewa jina la Defender, ulifungwa kiwandani Solihull, Uingereza, tarehe 29 Januari 2016. Kwa mtu anayeyatazama kwa nje, magari hayo yote ni ndugu wa tumbo moja. Bati ni lile lile, pua ni ile ile. Kwa ndani sivyo. Mwaka 1980, Series III ikiwa bado yaitwa Series III, injini yake ya lita 2.25 ilibadilishwa kutoka krenki ya beringi 3 kwenda ya beringi 5. Jina halikubadilika wala ukubwa wa injini haukubadilika, lakini krenki ya huku haikai kule. Hali kadhalika haf-shafti za nyuma: zipo zenye meno 10, na zipo za ekseli ya Salisbury, iliyofungwa katika 109 nyingi, zenye meno 24. Meno 10 hayawezi kuingia mahali pa meno 24 hata muuzaji akiapa kwa jina la mama yake.

Kwa hiyo anayeandika "inaingia zote" ameandika sentensi ambayo, katika magari haya, karibu kila mara ni uongo. Ni maneno ya mtu asiyetaka kuulizwa maswali.

Tena, magari haya si mapambo. Zipo nchi ambako Land Rover ya mwaka 1975 hufunikwa kwa turubai na kutolewa Jumapili ili itazamwe. Nasi tulifurahi mwezi Oktoba 2024 kusikia jinsi magari hayo yalivyojaa Arusha katika tamasha lake, maana ni urithi wa nchi hii. Lakini huku kwetu urithi huo bado unafanya kazi. Ndilo gari la zahanati, la shule, la mnada, la mwenye mashine ya kusaga. Mtu akimuuzia mwenzake mpira wa breki uliooza uliong'arishwa kwa mafuta, hajaharibu maonesho ya mtu. Ameketi mlimani na kusukuma jiwe kuelekea bondeni waliko watoto.

Hebu tulitazame sasa neno moja ambalo limetumika hata likachakaa: neno "orijino". Tulipochunguza tuligundua kuwa muuzaji anapoliandika anaweza kuwa na maana nne. Kwanza, kifaa kipya kilichotoka katika boksi la kampuni iliyotengeneza gari. Pili, kifaa kipya cha kiwanda kingine kilichokuwa kikiiuzia kampuni hiyo. Tatu, kifaa kilichotumika, kilichofunguliwa kutoka katika gari lililokufa, huenda lilifia Mbeya, huenda Sharjah kwenye yale masoko makubwa ya spea za mtumba. Nne, kifaa ambacho muuzaji anakiona kizuri tu, basi. Mnunuzi asomapo neno hilo huelewa maana ya kwanza na kulipa bei ya maana ya kwanza, kisha hupokea mzigo wa maana ya tatu au ya nne. Hapo hakuna aliyesema uongo kwa ulimi wake. Ni neno lenyewe limefanywa kuwa na mawe mawili mfukoni. Kifaa kilichotumika si aibu. Sisi wenyewe tumevaa mitumba na tumeadhimisha Misa tukiwa ndani ya gari la mtumba. Aibu ni kuogopa kukiita kwa jina lake.

Na kuna hila nyingine ambazo tungependa zitajwe hadharani. Kupiga picha upande mmoja, ule usio na ufa. Kupaka rangi ya fedha juu ya kutu. Kuchukua picha ya kifaa cha mtu mwingine na kuituma kana kwamba kifaa hicho kiko dukani kwako. Kusaga namba iliyochongwa kwenye bloku, jambo ambalo lanuka wizi kabla hata hujaulizwa. Na hili la kuficha bei, likiambatana na maneno "njoo tuongee pembeni", ili padre atajiwe bei moja, mwenye kampuni ya utalii nyingine, na mkulima nyingine. Bei inayosubiri kuona sura ya mnunuzi ni ndugu wa lile jiwe dogo na kubwa.

Tulipokuwa seminarini tulisomeshwa mafundisho ya Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, miaka mingi kabla mtu yeyote hajawaza juu ya injini. Katika Summa Theologiae aliandika swali zima juu ya udanganyifu katika kuuza na kununua. Anafundisha kwamba kasoro yaweza kuwa katika aina ya kitu chenyewe, katika kiasi chake, au katika ubora wake. Na kwamba anayeijua kasoro akauza bila kuisema atenda dhambi. Anatoa mfano wa anayemuuza farasi kiwete kwa jina la farasi mwenye mbio, na wa anayeuza nyumba inayoelekea kuanguka kana kwamba ni imara. Lakini kinachotuhusu zaidi ni hili: huyu mtakatifu anasema kwamba muuzaji asiyeijua kasoro hana dhambi katika kuuza, ila pindi anapojulishwa, anawajibika kumfidia mnunuzi. Mnaona? Kutokujua kunamwondolea mtu lawama ya jana. Hakumwondolei deni la leo. Kijana wetu angaliweza kusimama mbele ya Mtakatifu Tomaso na kusema "si fundi", akasamehewa. Lakini asingeweza kusema "mali ikishatoka hairudi". Hapo ndipo kosa lake la kutokujua lilipogeuka kuwa dhuluma ya kujua.

Mtakatifu Tomaso anaongeza kwamba kasoro iliyo wazi, kama farasi mwenye jicho moja, muuzaji hana lazima ya kuitangaza, maadamu bei ni ya haki, kwa kuwa kila mtu aiona. Fundisho hilo tulichukue tulilete katika simu zetu. Katika simu kipo kitu gani kilicho wazi? Hakuna. Mnunuzi hana macho yake mwenyewe; anatazama kwa macho aliyoazimwa na muuzaji. Kwa hiyo katika biashara ya namna hii kasoro zote ni za siri mpaka muuzaji azioneshe, na wajibu wake wa kuzisema ni mkubwa kuliko wa mwenye duka.

Tunajua majibu yanayotolewa, nasi hatutayakimbia.

Wengine husema: mnunuzi awe macho. Tumekwisha kueleza kwamba mnunuzi huyo hana macho. Hata sheria ya nchi haikubaliani nao, maana Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo yake. Aliyeandika maelezo amefunga agano.

Wengine husema: wote wanafanya hivyo, na mkweli atakufa njaa. Jibu hili tunalisikia pia katika kitubio, wala si kwa wauza spea peke yao. Lakini ulizeni mafundi. Fundi aliyewahi kufungua injini mara mbili kwa ajili ya spea mbovu halisahau jina la aliyemuuzia, na fundi mmoja ana wateja wengi. Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na pia njia ya mwongo ni fupi. Hata hivyo, hatutawadanganya kwamba ukweli hulipa kila mara. Zipo siku ambazo mkweli atarudi nyumbani mikono mitupu huku jirani yake ameuza. Katika siku hizo anachokilinda ni roho yake, na hicho hakina bei ya kuandikwa chini ya picha.

Wengine tena, na hawa twawahurumia, husema: ni vijana, hawana ajira, wanahangaika na simu moja. Ni kweli. Lakini tuangalie nani yuko upande wa pili wa simu hiyo. Mara nyingi ni mtu mwingine anayehangaika: dereva mwenye gari moja, fundi mwenye deni, parokia yenye michango ya wakulima. Umaskini wa anayeuza hauwezi kulipwa kwa kumnyang'anya maskini anayenunua.

Nao wanunuzi wasijione watakatifu. Wapo wanaopokea spea nzima, wakafungua kilicho chema ndani yake, wakarudisha kibovu chao na kudai fedha. Huo nao ni wizi, na ndio unaowafanya wauzaji waaminifu waogope kupokea mzigo unaorudi.

Hata sisi, wapendwa, hatukusalimika. Tuliposhindwa kuirudisha krenki ile, jambo hilo lilifika mbele ya Halmashauri ya Walei. Mjumbe mmoja, mtu mwema kabisa, alisema: "Padre, na tuiuze kama tulivyouziwa. Tuiandike ni ya Series III, maana ni kweli ni ya Series III." Watu wakacheka, kisha wakanyamaza, na katika kimya kile tulitambua kwamba kila mmoja wetu alikuwa akilipima wazo hilo, padre akiwamo. Fedha zilikuwa za Kanisa, na maneno yalikuwa ya kweli. Lilikuwa ni suala la kuacha tu neno moja. Ndipo mama mmoja, mkulima wa pamba, akauliza: "Je, hii si sawa na kutia mchanga katika pamba?"

Hakuna aliyemjibu, kwa sababu ndani ya chumba kile walikuwamo waliowahi kutia mchanga, na waliowahi kumwagia maji ili uzito uongezeke. Sote tunaulalamikia mzani wa mnunuzi, na sote tunajua mahali mchanga unapopatikana. Krenki ile tuliiuza kwa maelezo kamili, kwamba ni ya beringi 5, kwamba imetumika, kwamba hatujaijaribu, na kwamba ina mkwaruzo mahali fulani. Tulipata chini ya nusu ya tulichotoa. Aliyeinunua aliifunga, na hatujapigiwa simu tena. Hatusimulii haya ili mtusifu, kwa maana bila swali la mama yule hatujui tungefanya nini.

Kwa hiyo tunawasihi nyote mnaouza kwa njia hii, iwe ni spea, simu, mbegu au ng'ombe. Kabla ya kuandika, hesabuni kinachohesabika na pimeni kinachopimika. Piga picha ya kitu chenyewe kilicho mbele yako, pande zote, na ufa uuoneshe kabla ya mng'ao. Andika namba iliyochongwa. Sema kimetoka wapi, na kama kimetumika sema kimetumika. Taja bei moja kwa watu wote. Eleza mapema mzigo utarudije kama si wenyewe. Na pale usipojua, andika neno ambalo limekuwa adimu kuliko krenki ya beringi 3, nalo ni "sijui". Muuzaji anayeandika "sijui kama inaingia injini yako, tafadhali linganisha na picha" amempa mnunuzi mizani iliyo sawa, akamwachia apime mwenyewe.

Bwana wetu alitufundisha kwamba ndiyo yetu iwe ndiyo, na siyo yetu iwe siyo (Mt 5:37). Alipoingia nyumbani kwa Zakayo, wokovu haukuonekana katika machozi ya tajiri yule, bali katika hesabu zake: nusu ya mali kwa maskini, na kwa kila aliyedhulumiwa mara nne (Lk 19:8). Toba ya mfanyabiashara ina tarakimu. Kama yupo kati yenu aliyeuza kitu kwa maneno asiyoyahakikisha, na mnunuzi bado analia, asije kwanza katika kitubio. Apige simu kwanza, kisha aje, tutamsubiri.

Usiku wa leo, kabla ya sala, kila mmoja wetu afungue simu yake na kusoma upya maneno aliyoyaandika chini ya picha zake. Ayasome polepole, kana kwamba yeye ndiye anayenunua, yuko mbali, mvua inanyesha, na gari limekaa juu ya mawe.

Tukutane juma lijalo, Mungu akitujalia uzima. Tumsifu Yesu Kristo!